Dawa za Kupaka za Upara: Madhara Yake na Jinsi ya Kuyakabili

Anayekuja kununua dawa ya upara huwa na haraka. Hapa Kisumu, kwenye kaunta ya duka la dawa ninakofanya kazi, swali la kwanza huwa ni bei na la pili ni miezi mingapi hadi nywele ziote. Madhara huulizwa wiki kadhaa baadaye, chupa ikiwa imefika nusu, mtu amengoja wateja wengine waondoke na kofia ameivuta hadi kwenye nyusi: "Daktari, hii dawa yenu imenimaliza. Nywele zinatoka zaidi."

Wengi wa hao hawajadhurika. Wachache wamedhurika kweli, na mara nyingi kilichowadhuru ni kitu kilichochanganywa na dawa, au dawa kufika mahali ambapo haikutakiwa, au ugonjwa wa ngozi ambao haukuwa upara tangu mwanzo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kabla chupa haijafunguliwa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni upara

Upara wa kurithi hauna haraka. Kwa mwanamume, nywele hurudi nyuma kwenye pembe za paji la uso na utosi hufunguka polepole. Kwa mwanamke, ule mstari wa katikati ya kichwa hupanuka mwaka hadi mwaka huku nywele za mbele zikibaki. Minoksidili, dawa ya kupaka inayonunuliwa zaidi, ilikusudiwa upara wa namna hiyo. Nywele zikitoka ghafla, zikiacha mabaka ya duara, au kukiwa na usaha, magamba mazito au maumivu, usinunue chochote bado. Mwone daktari.

Kwa kina dada wa huku, tatizo ninaloliona zaidi ni la nywele za mbele. Rasta zimevutwa hadi nyusi zinapanda, na kando ya kila tuta kuna vipele vidogo vyeupe. Hapo dawa ya kwanza ni kufumua. Ukipaka minoksidili huku msusi anaendelea kukaza vilevile, utapata madhara ya dawa na upara utabaki palepale. Kuna hali nyingine mbaya zaidi inayoanzia utosini na kusambaa kama duara, mara nyingi ikiwasha au kuchoma, na ngozi huachwa laini inayong'aa bila vitundu vya nywele. Hiyo ni kovu. Kitundu kikishaziba, hakuna mafuta wala dawa ya chupa itakayokifungua, na kila mwezi unaopotea kwa kujaribu hiki na kile ni sehemu ya kichwa isiyorudi. Omba rufaa ya daktari wa ngozi mapema. Kisumu hospitali ya rufaa ni Jaramogi, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, na Kakamega na Nakuru nazo zina hospitali zao kubwa za kaunti ambako unaweza kuanzia.

Mama aliyejifungua karibuni, nywele zikamtoka kwa vishungi mtoto akiwa na miezi mitatu au minne, hana upara. Mwili unaachia nywele ulizokuwa umezishikilia wakati wa ujauzito, na kwa kawaida hali hutulia ndani ya mwaka. Tena ananyonyesha, na dawa hii haimfai. Na mtoto wa shule mwenye mabaka kichwani ana mapunye hadi ithibitishwe vinginevyo. Minoksidili si ya walio chini ya miaka 18.

Hatua ya 2: Soma chupa, upande usio na picha

Minoksidili ilianza kutumika Marekani mwaka 1979 ikiwa tembe za kushusha shinikizo la damu, kwa sababu hutanua mishipa. Waliozimeza wakaota nywele usoni na mikononi. Wazo la kuipaka kichwani likatoka hapo, na mwaka 1988 dawa ya kupaka ya asilimia 2 ikaidhinishwa huko. Historia hii ina faida moja kwako: inaeleza karibu madhara yake yote ya ndani. Moyo kwenda mbio, kizunguzungu, miguu kuvimba, nywele kuota usikotaka, yote ni mambo ya dawa ya presha. Kwenye ngozi nzima ya kichwa hupenya kidogo sana, takriban asilimia 1.4 ya ulichopaka, ndiyo maana wengi hawasikii lolote. Ngozi ikiwa imechubuka au imeungua, hesabu hiyo inabadilika.

Nguvu zinazojulikana ni asilimia 2 na asilimia 5. Siku hizi mtandaoni na kwenye maduka ya vipodozi utakutana na za asilimia 10 na 15, zenye picha ya kijana mwenye ndevu hadi kifuani. Mimi sizipendi. Kiasi kinachopenya kinaongezeka na ngozi inawasha zaidi, na bado hujui aliyepima hiyo asilimia ni nani. Na kwa kuwa nimezitaja ndevu: vijana wengi wanaipaka kidevuni. Dawa haikuidhinishwa kwa kazi hiyo. Ngozi ya uso ni nyororo kuliko ya kichwa, hukauka na kubambuka haraka, na ipo karibu na macho na mdomo. Ukiamua kufanya hivyo, ujue uko nje ya maelekezo, na dalili za hatari za hatua ya saba zikuhusu mara mbili.

Kisha tafuta kwenye orodha ya viungo jina la propilini glikoli. Ni kimiminika kinachoyeyusha dawa na kuisukuma ipenye, na mara nyingi mwasho ambao watu wanamlaumia minoksidili ni wake yeye. Dawa ya povu kwa kawaida haina. Alkoholi iko kwenye zote mbili. Hukausha ngozi, na inashika moto, jambo nitakalolirudia.

Tafuta pia majina ambayo hukuyaomba. Finasteridi ni dawa ya homoni, na kuna chupa zinazoichanganya na minoksidili. Aprili 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu finasteridi ya kupaka inayochanganywa madukani: ilikuwa imepokea ripoti 32 kati ya mwaka 2019 na 2024, zikiwamo za kupungua nguvu za kiume, sonona, wasiwasi, kukosa usingizi na hata mawazo ya kujiua, na wengine walisema hali iliendelea baada ya kuacha. Mjamzito hatakiwi hata kuigusa, maana inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Mzee anayepimwa tezi dume naye amweleze daktari kama anaitumia, kwa sababu finasteridi inaweza kushusha kipimo cha damu na kuficha ugonjwa. Kwa kifupi, chupa isiyotaja viungo vyake wala aliyeitengeneza, iache kwenye rafu.

Nembo ya ubora kwenye kipodozi haigeuzi kipodozi kuwa dawa. Minoksidili inunue kwenye duka la dawa lenye leseni ya mwaka huu, iliyobandikwa ukutani unapoweza kuisoma.

Hatua ya 3: Jiulize kama unaruhusiwa

Mjamzito, anayenyonyesha na anayetafuta ujauzito wasitumie. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayemeza dawa za presha, asianze kabla ya kuzungumza na anayemtibu. Hapa kwetu watu husema "presha yangu iko sawa" wakimaanisha tembe zinaifanya iwe sawa. Huyo bado ni mgonjwa wa presha na swali linamhusu.

Mwenye kidonda, jua kali lililomchoma kichwa, au aliyetia dawa ya kulainisha nywele juzi ikamwacha na sehemu zinazowasha, asubiri ngozi ipone kabisa. Vivyo hivyo kwa aliyetoka kwa kinyozi na vipele vya wembe.

Hatua ya 4: Jaribu mahali padogo

Paka tone moja nyuma ya sikio au ndani ya mkono, mara mbili kwa siku, kwa siku chache. Ukiona wekundu unaozidi, uvimbe au malengelenge, umeokoa kichwa chako. Wateja wangu karibu wote huiruka hatua hii. Wameshalipa, wanataka nywele.

Hatua ya 5: Paka mahali pake, ibaki hapo

Dawa ya maji ni mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni, iwe upara ni mdogo au mkubwa. Bomba la kudondoshea likipotea, omba sirinji isiyo na sindano kwenye duka la dawa; usikadirie kwa kiganja. Ya povu ni nusu ya kifuniko: mwanaume mara mbili kwa siku, mwanamke mara moja. Kuzidisha hakuharakishi nywele. Ukisahau asubuhi, usifidie jioni.

Kichwa kiwe kikavu. Gawa nywele mstari kwa mstari, dondosha kwenye ngozi na si juu ya nywele, kisha sambaza kwa ncha ya kidole. Povu huyeyuka likigusa kidole chenye joto, na mchana wa Kisumu kila kidole kina joto, kwa hiyo tia vidole kwenye maji baridi, vikaushe, ndipo ulichukue. Kopo lake lina gesi ndani. Usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Sasa sehemu ambayo huleta taabu nyingi: dawa kusafiri. Jioni, paka ukiwa umebakiza muda wa saa mbili hadi nne kabla ya kulala. Ukipaka na kujitupa kitandani, mto hunywa dawa, na usiku kucha shavu lako linalala juu yake. Mwanamke anayeshangaa manyoya yanaota kwenye mashavu, mara nyingi jibu liko kwenye foronya. Mchana jasho nalo hushuka na dawa hadi kwenye nyusi, hivyo usipake dakika tano kabla ya kutoka kutembea juani hadi soko la Kibuye. Helmeti ya bodaboda, wigi na kofia ya plastiki visubiri dawa ikauke. Ngozi iliyofunikwa ikiwa mbichi hupitisha dawa zaidi, na helmeti ya abiria ni ya kila mtu.

Nawa mikono kwa sabuni mara tu unapomaliza. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi.

Kisha watoto. Mwaka 2024 wasimamizi wa dawa wa Umoja wa Ulaya walitaka maelezo ya dawa hii yaongezwe onyo, baada ya watoto wachanga kuota nywele mwilini kwa kugusana na mzazi aliyepaka minoksidili. Hali ilirudi kawaida mgusano ulipokoma. Fikiria baba anayerudi kazini jioni, anapaka, halafu anamweka mtoto mabegani. Mtoto wa umri huo hushika nini ili asianguke? Kichwa cha baba, kwa viganja vyote viwili, na kiganja kinaishia mdomoni. Paka mtoto akishalala, au vaa kofia dawa ikishakauka. Chupa iwekwe juu kabisa mahali asipofika. Mtoto akiinywa, presha yake inaweza kushuka vibaya, na hapo ni kukimbia hospitali na chupa mkononi bila kungoja dalili. Kama mnafuga paka, kiasi kidogo tu alichokilamba kinaweza kumuua.

Na moto. Jikoni penye jiko la makaa si mahali pa kupakia dawa yenye alkoholi. Paka, ngoja kichwa kikauke, ndipo uinamie chapati.

Hatua ya 6: Wiki za mwanzo, mambo ya kuvumilia na ya kurekebisha

Turudi kwa yule mteja wa kofia. Kuanzia karibu wiki ya pili, nywele zinaweza kutoka kuliko zilivyokuwa zikitoka kabla ya dawa. Kila unywele una muda wa kukua na muda wa kupumzika kabla ya kudondoka. Dawa huvisukuma vitundu vilivyopumzika vianze kukua tena, na nywele za zamani zilizokuwa zimekaa humo zinatolewa kupisha mpya. Kwa wengi hutulia kati ya wiki ya sita na ya nane. Ni dalili ya dawa kufanya kazi, ingawa najua anayeona sinki limejaa nywele haniamini. Zikiendelea kutoka kwa kasi hiyohiyo baada ya miezi miwili, mwone daktari, kwani huenda kuna sababu nyingine. Matokeo yenyewe huanza kuonekana karibu mwezi wa nne, na hukumu kamili ni ya mwaka. Kuna watu ambao dawa haiwafanyii kitu. Ngozi ya kichwa inapaswa kuigeuza kwanza ndipo ifanye kazi, na si ngozi zote zina uwezo sawa wa kuigeuza.

Ngozi kuwasha kidogo, kukauka na kutoa magamba kama mba ni jambo la kawaida. Usikimbilie kupaka mafuta mazito juu yake. Badilisha kwanza aina: kama unatumia ya maji, jaribu ya povu. Osha kichwa kwa shampuu laini. Lakini kama ngozi imevimba, imetoa malengelenge au majimaji, na wekundu umeshuka hadi masikioni na kwenye kope, huo si ukavu tena, ni mzio. Acha siku hiyohiyo. Mzio ukiwa wa propilini glikoli, povu linaweza kukufaa baadaye; ukiwa wa minoksidili yenyewe, mlango huo umefungwa, na daktari wa ngozi ndiye anayeweza kutofautisha kwa kipimo.

Nywele usoni huwasumbua wanawake zaidi: kando ya macho, juu ya mashavu, nyusi kuungana. Nyingine hutokana na mto na mikono michafu kama nilivyosema, nyingine hutokana na nguvu kubwa ya dawa. Shuka kwenye nguvu ndogo, paka mapema, nawa. Ukiacha dawa, nywele hizo hutoweka zenyewe ndani ya mwezi mmoja hadi mitano. Kuzinyoa kwa wembe hakuzifanyi kuwa nene, haijalishi shangazi anasema nini.

Wengine huona rangi au unene wa nywele umebadilika kidogo. Hilo halina shida.

Maumivu ya kichwa yanahitaji neno la pekee kwa sisi wa ukanda wa ziwa. Kisumu kichwa kikiuma, kila mtu anasema malaria, na mara nyingi ana haki ya kusema hivyo. Nenda upimwe. Lakini ukiwa pale, mweleze mhudumu kwamba unapaka minoksidili na ulianza lini, kwa sababu watu hawaihesabu kuwa dawa. Wakiulizwa "unatumia dawa gani?" hujibu hakuna. Ya kupaka nayo ni dawa. Kipimo cha malaria kikirudi safi, na kichwa na kizunguzungu vinarudi kila ukipaka, umeshapata mshukiwa.

Hatua ya 7: Dalili za kuacha mara moja

Maumivu ya kifua. Moyo kupiga mbio ukiwa umekaa. Kuzimia, au kuona giza ukisimama. Mikono, miguu au uso kuvimba, viatu vya jana vikikataa leo. Uzito kupanda ghafla bila sababu. Kupumua kwa shida. Haya hutokea kwa nadra, ila yakitokea maana yake ni kwamba dawa imeingia kwenye damu kiasi cha kugusa moyo na mishipa. Osha kichwa kwa maji na sabuni ili dawa iliyobaki isiendelee kupenya, kisha nenda hospitali na chupa yako. Usisubiri hadi Jumatatu.

Hapo usijaribu kupunguza kiasi ili uone. Umeacha, na utarudi tu ikiwa daktari aliyekupima moyo na presha amekuruhusu.

Krimu za steroidi

Nimeziweka kando kwa sababu ndizo zinazonitia hofu zaidi kuliko minoksidili, na kuzipata ni rahisi mno. Klobetasoli na betametasoni, ambazo ni steroidi za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, ni dawa halali. Daktari wa ngozi huziandika kwa mabaka ya duara yanayotokana na kinga ya mwili kushambulia nywele, au kwa ule ugonjwa wa kovu la utosini, kwa muda maalumu na kiasi maalumu. Tatizo ni kwamba kirija (tyubu) hichohicho kinauzwa ovyo, wengine wanakitumia kung'arisha uso, na mtu akiona kimepunguza mwasho wa kichwa anaamini amepata dawa ya nywele.

Nimeona kichwa cha mama mmoja aliyekitumia kwa muda mrefu. Ngozi ya mbele ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa midogo myekundu inaonekana chini yake, na pembeni palikuwa na mabaka yaliyopoteza rangi. Kwenye paji la uso chunusi zilikuwa zimejipanga mahali ambapo jasho hushuka na krimu. "Lakini mwanangu, kuwasha kuliisha," aliniambia. Kuliisha kweli, hiyo ndiyo kazi ya steroidi. Ikitumiwa eneo kubwa kwa muda mrefu, huweza kupenya na kuzubaisha tezi zinazotengeneza homoni za asili za mwili, na ikikaribia macho mara kwa mara huweza kupandisha presha ya jicho. Aliyetumia kwa miezi asiache kwa mkupuo. Apange kuacha na daktari.

Krimu za mchanganyiko, zile zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki ndani ya kirija kimoja, huharibu zaidi kwa watoto. Mama anapaka kwenye mapunye, baada ya siku tatu wekundu umepungua, anashukuru. Fangasi yuko ndani ya unywele ambako krimu haifiki, na kinga ya ngozi imenyamazishwa, kwa hiyo anasambaa kimyakimya. Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Mtoto akichelewa, sehemu hizo zinaweza kubaki bila nywele maisha yake yote.

Shampuu ya ketokonazoli, ambayo wengi huandikiwa kwa mba, ni mpole: hukausha au kuzipa nywele mafuta, huwasha kidogo, basi. Iache dakika tatu hadi tano kisha isuuze. Kulala nayo hakuna faida.

Michanganyiko ya nyumbani

Kitu kutoka shambani nacho huweza kuunguza. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa na kufungwa kichwani usiku kucha huacha malengelenge ya kuungua kabisa. Maji ya ndimu au limau ukitoka nayo juani huchoma ngozi na kuacha madoa meusi yanayodumu. Mafuta makali ya rozimari, mnanaa au karafuu hayapakwi yakiwa mazima; yachanganywe matone machache kwenye mafuta mepesi. Mafuta ya nyonyo ni mazuri kwa nywele kavu, lakini yakizidi hushikamanisha nywele ndefu hadi zinajisokota kuwa fundo moja ambalo dawa yake ni mkasi.

Usiyachanganye na minoksidili, wala usimimine dawa ndani ya chupa ya mafuta ili "ifanye kazi pamoja". Mafuta na jeli huweza kubadilisha kiasi kinachopenya, na ukiunguzwa hutajua nani amekuunguza. Kama huwezi kuyaacha mafuta yako, dawa itangulie, ikauke kabisa, yafuate baada ya muda wa saa nne.

Ukitaka kuacha, na namna ya kuripoti

Minoksidili inaweza kuachwa siku yoyote bila hatari kwa mwili. Nywele zilizoota kwa nguvu yake ndizo zitakazodondoka, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu au minne, na utarudi pale ambapo ungekuwa bila dawa. Jua hilo kabla ya chupa ya kwanza, kwa kuwa unajifunga na gharama ya kila mwezi kwa miaka. Wapo niliowashauri wanyoe tu, na kinyozi akawafanya waonekane nadhifu kuliko dawa ingeweza.

Ukipata madhara, chupa usiitupe. Piga picha ya ngozi siku hiyohiyo kwenye mwanga wa dirisha, na picha ya namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda iliyo chini ya chupa. Andika ulianza lini kupaka na kitu kingine chochote ulichotumia kichwani wiki hizo, hata kama ni shampuu ya jirani. Peleka vyote kwa mfamasia au kituo cha afya na uombe fomu ya njano, ile ya kuripoti madhara ya dawa kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Mgonjwa pia anaweza kuripoti mwenyewe kwenye tovuti ya bodi hiyo. Ikiwa shaka yako ni kuhusu dawa yenyewe, kwamba rangi yake si ya kawaida, harufu ni ya rangi ya kucha au kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa, fomu yake ni ya waridi, na hapo chupa ikiwa bado na dawa ndani ina thamani kuliko maelezo yako yote.